Vyombo vya kioo vya bibi zetu havina zebaki, acheni kuvivunja

Mhariri,

Assalaam aleikum na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na mkiona ni ndefu basi kateni hizi salamu ila maneno ya katikati mniachie.

Mi ni mama mtu mzima, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nimezaliwa hapahapa. Vyombo vya kioo vya zamani, namaanisha vile vya mapambo, vya kuwekea maua, bakuli za rangi, mirashi, taa, nimekuwa navikusanya na kuvichunguza zaidi ya miaka 20 sasa. Kilichonifanya nishike simu niandike ni hiki ntakachoeleza.

Kuna bibi wa mtaani kwetu alifariki, Mungu amrehemu. Wiki mbili baada ya arobaini watoto wake wakaja kufungua nyumba wagawane vitu, na mi nikaitwa nikasaidie kupanga kanga na vyombo manake marehemu alikuwa kama mama kwangu. Nimefika saa nne asubuhi nakuta vijana wawili wamechuchumaa uani na nyundo, wametandika kanga chini, na juu ya ile kanga kumejaa vipande vinang'aa kama magamba ya changu. Nikajua hapohapo ni nini. Kilikuwa chombo cha maua cha rangi ya fedha, kirefu kama kutoka kiganja mpaka kiwiko, kina maua meupe yamechorwa kwa mkono tumboni, kimekaa kwenye shokesi ya yule bibi tangu mi niko darasa la pili na kila ikikaribia Idi anakitoa anakifuta mwenyewe, mtoto hagusi. Nikawauliza wanangu mmefanya nini? Wakanijibu shangazi humu ndani mna zebaki, kuna mtu Dar analipa mamilioni, ila tumevunja tumekuta hamna kitu, labda iliyeyuka.

Haikuyeyuka. Haikuwemo. Nilikaa kwenye kibaraza cha ile nyumba nikashindwa hata kulia.

Sasa naomba wenye akili kama za wale vijana, na najua wako wengi maana tulianza na kuvunja redio za mbao kutafuta hiyo zebaki, zikaja cherehani, sasa imefika kwenye vyombo vya kina mama, wanisikilize. Mmewahi kuvunja chupa ya chai? Kile kioo cha ndani kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia, basi ni kitu hichohicho. Chombo kinapulizwa kikiwa na kuta mbili, kati ya ukuta na ukuta pana uwazi, wanamimina humo maji ya dawa yenye chumvi ya madini ya fedha pamoja na sukari ya namna fulani, ile fedha inajitenga kwenye maji inaganda ukutani utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, halafu maji yanamwagwa na tundu la chini linazibwa. Ndo maana kwenye kitako mnakuta kizibo. Kazi hii ilikuwa ikifanyika Bohemia, eneo ambalo leo liko nchi ya Cheki, kuanzia miaka ya 1840 hivi, na mwaka 1849 kule London watu wawili, Edward Varnish na Frederick Hale Thomson, wakachukua hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya namna yao ya kufanya. Tatizo ni jina. Wauzaji wa vitu vya kale huko Ulaya na Marekani wanaviita vioo vya zebaki kwa sababu ya ule mng'aro tu, mtu wetu anasoma kwenye simu neno zebaki, basi anatafuta nyundo. Na hiyo fedha yenyewe usifikiri utaikwangua ukauze, ni utando tu, haijai hata ukucha.

Wengine wanavunja vioo vyekundu. Eti wekundu ule ni zebaki nyekundu. Jamani, kioo chekundu cha zamani kile kizuri kinachoelekea rangi ya zambarau kilitiwa dhahabu, naam dhahabu kweli, lakini kidogo mno na imeshachanganyika humo kama chumvi kwenye mchuzi, huwezi kuitoa tena. Na vyekundu vingine vilitiwa seleniamu au shaba. Ukivunja unapata vigae, basi.

Halafu kuna neno lingine linaloniudhi karibu sawa na zebaki, nalo ni hili la "ya Mjerumani". Hapa Tanga kila kilichozeeka ni cha Mjerumani. Nyumba ya Mjerumani, mwembe wa Mjerumani, bakuli la Mjerumani. Naelewa limetoka wapi, reli ilianza kujengwa kutokea hapa mwaka 1893, boma lipo, makaburi ya vita ya Novemba 1914 yapo, tumekua tukiyaona. Lakini Waingereza walishaichukua Tanga mwaka 1916, na hivi vyombo vingi vilivyo kwenye makabati yetu ukivichunguza vimekuja baada ya hapo, tena siyo kutoka Ujerumani kabisa. Mnunuzi anakuja anakwambia mama hii ya Mjerumani, anakupa elfu kumi na tano unafurahi, na wewe ulichokuwa nacho ni kumbukumbu ya harusi ya bibi yako na hujui.

Mfano nautoa kwa bibi yangu mwenyewe mzaa mama. Alikuwa na glasi sita za rangi ya chungwa, nyembamba, zinametameta kama shingo ya njiwa, ukizigeuza kwenye mwanga unaona kijani unaona zambarau unaona dhahabu. Na chombo cha maua kimoja cha rangi hiyohiyo chenye umbo la mkono wa mwanamke ameshika kikombe, kifundoni ana bangili ya maua. Nyumba nzima tuliambiwa ni vya Mjerumani na tukawaambia watoto wetu hivyohivyo. Siku moja naosha glasi nikaipandisha kwenye mwanga wa dirisha nikaona chini kwenye kitako herufi nne zimeinuka, J, A, I, N. Nilizipapasa kwa kidole. Nilikaa na herufi zile karibu mwaka mzima naulizauliza mpaka nikafahamu kwamba Jain ni kiwanda cha vioo cha Firozabad, India, mji uleule maarufu kwa bangili za kioo ambazo mama zetu walivaa, na walikuwa wakitengeneza vyombo hivi vya chungwa miaka ya 1930. Nikaenda kwa mama mdogo ambaye wakati huo alikuwa hai nikamuuliza glasi zile zilitoka wapi hasa. Akanijibu bila hata kufikiri, mwanangu zile zilinunuliwa duka la Mhindi alipoolewa bibi yako, zilikuja na meli ya Bombay, baba yake alilipa kidogokidogo. Yaani habari yote alikuwa nayo yeye kichwani na hakuna aliyemuuliza, tulikuwa tunamjibu Mjerumani, Mjerumani.

Aina hii ya kioo wakusanyaji wanaiita kanivali. Walioieneza sana ni Wamarekani, kampuni ya Fenton walianza kuuza mwaka 1907, wakafuata Northwood na wengine. Kioo kinakandamizwa kwenye kalibu, yaani kile chombo cha kukipa umbo, kikiwa moto, kisha kabla hakijapoa kinapuliziwa chumvi za madini, ndo zinaleta ile rangi ya mafuta juu ya maji. Kilikuwa kitu cha bei ya chini, cha watu wa kawaida waliotaka nyumba ipendeze, mpaka kikawa kinatolewa zawadi kwenye michezo ya maonyesho, zile kanivali zenyewe, na ndo jina lilipopatikana baadaye. Mi hapo ndo nakipendea. Hakikutengenezwa kwa ajili ya gavana. Kilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama bibi yangu.

Sasa wasomaji watauliza tutajuaje. Anzeni chini. Watu wote wanaangalia uso wa chombo, rangi na maua, wakati maneno yako kwenye kitako. Kwanza tandika taulo juu ya meza, vua pete, kaa karibu na dirisha asubuhi jua likiwa laini, siyo chini ya taa ya stima, halafu geuza chombo taratibu. Kama kilipulizwa kwa mdomo utakuta katikati ya kitako pana kovu, mimi naita kitovu, kwa sababu ni kitovu kweli, ndipo kilipokatwa kwenye fimbo ya chuma aliyokishikia fundi wakati anamalizia mdomo wa chombo. Kovu linaweza kuwa kali la kukata kidole au likawa limesuguliwa likabaki duara laini kama kidimbwi. Kama hakina kitovu basi tafuta mshono, piga kidole ubavuni kutoka chini kwenda juu, ukikuta uzi umesimama pande mbili au tatu ujue kimetoka kwenye kalibu. Mshono siyo aibu, kanivali yote nzuri ina mishono. Ila mtu akikuuzia kitu chenye mshono akakuapia kwamba fundi amekipuliza hewani bila kalibu, huyo anakudanganya.

Halafu angalia michubuko. Chombo kilichokaa kwenye kabati miaka 60 kikitolewa na kurudishwa kila sikukuu, kitako chake kinachubuka pale tu panapogusa ubao, na mikwaruzo inakwenda kila upande, mirefu, mifupi, mingine huioni mpaka uinamishe. Wajanja wanachukua kitu kipya wanakisugua kwa msasa, ukikitazama kwa lenzi mikwaruzo yote imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, tena inapita mpaka mahali ambapo pasingeweza kugusa meza. Hili peke yake limeniokolea hela nyingi. Ukiwa na lenzi ya fundi saa inatosha, si lazima kitu cha gharama.

Mlio nao una habari zake. Kioo kilichotiwa madini ya risasi, ile kristali, ni kizito mkononi kuliko unavyotegemea na ukikigonga kwa kucha kinalia muda mrefu kama kengele. Gongeni kwa kucha tu, siyo kwa kijiko.

Mengine ni ya majina. Nchi ya Chekoslovakia ilianza mwaka 1918, kwa hiyo ukikuta chini pamepigwa mhuri wa jina hilo ujue chombo ni cha baada ya mwaka huo, hata aliyekuuzia akikwambia kilikuja na Mjerumani kujenga reli. Tarehe inamkatalia palepale.

Nije kwenye urani, maana hii nayo ina maneno mengi mtaani. Babu yangu alikuwa mpishi kwa Mgiriki mmoja kwenye shamba la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 yule Mgiriki akafunga virago na akamwachia babu bakuli moja la kijani lenye unjano, rangi ya embe bichi lililoanza kuiva. Miaka mitatu iliyopita kijana wa wakala wa kutuma pesa hapo jirani alinipitia nyumbani na ile tochi ndogo ya zambarau ya kukagulia noti, tukawa tunacheza nayo tu usiku umeme umekatika, akaipitisha kwenye kabati. Bakuli la babu likawaka. Kijani kikali kama kimulimuli. Kufikia kesho yake asubuhi mtaa mzima unasema mama ana urani ndani, na kuna mzee akaja na mtu anajiita mtaalamu akaniambia nisimwambie mtu, tuuze wote.

Ni kweli ina urani. Familia ya Riedel ya Bohemia ilikuwa ikitia urani kwenye kioo kupata rangi hizo za njano na kijani tangu miaka ya 1830, wakati huo haina kazi nyingine yoyote ya maana, na viwanda vingi vya Ulaya na Marekani vikafuata mpaka vita ya pili ya dunia ilipofanya madini hayo yazuiwe. Kiasi kilichomo mara nyingi ni kama asilimia 2 au pungufu. Siyo mgodi wa Namtumbo ule. Kukaa nalo kabatini halina shida, ila mi binafsi silitumii kwa chakula, hasa vitu vya ndimu na achari, nimeweka maganda ya konokono wa baharini humo basi. Na bei yake wala haishtui, ziko nyingi duniani. Kwa hiyo mtu akija kukuchukulia kwa siri usiku kwa sababu inawaka, mfungulie mlango atoke. Na siyo kila kinachowaka ni urani, kioo kilichotiwa manganizi nacho kinatoa kijani kidogo cha kufifia, chenye kadimiamu kinatoa njano au chungwa. Urani inajitangaza, huhitaji kukodoa macho.

Upande wa pili wa udanganyifu ni huu. Mtoto wa mdogo wangu, kijana mzuri msikivu, aliona kwangu hivi vitu naye akaingiwa na hamu, akanunua Dar taa ya mezani yenye kofia ya kioo, maua ya kahawia juu ya njano, na ubavuni imeandikwa Gallé. Laki tatu. Akaja nayo amekumbatia kwenye basi njia nzima kama mtoto mchanga. Akaniambia mama mkubwa tumetajirika. Émile Gallé alikuwa fundi wa Nancy, Ufaransa, alizaliwa 1846 akafa 1904, na kazi zake kweli ni za bei kubwa mno, kioo kinapangwa tabaka juu ya tabaka za rangi halafu tabaka la juu linaliwa kwa asidi au kuchongwa likabaki ua. Baada ya kufa kwake kiwanda kiliendelea, na kwa miaka michache walikuwa wanaweka nyota ndogo karibu na jina. Nikaichukua taa ya kijana nikaipeleka dirishani, nikaiona saini, na baada ya saini pamesuguliwa, kioo kimefifia ukubwa wa punje ya mchele. Hapo palikuwa na herufi tatu, TIP. Ni Kiromania, maana yake "aina ya". Viwanda vya Romania vinatengeneza taa za mtindo wa Gallé na vinaandika wazi Gallé TIP, hawamdanganyi mtu, kosa ni la wale wa katikati wanaosugua yale maneno. Nilimweleza taratibu. Nikamwambia pia taa ni nzuri, kazi ya mkono, aiwashe ajisomee nayo, lakini ajue ni nini. Aliyemuuzia simu haipokei mpaka leo.

Kwa hiyo saini peke yake msiiamini. Hata Lalique, yule Mfaransa René Lalique wa vioo vyeupe vya ukungu, vitu vilivyotengenezwa akiwa hai vina herufi R mbele ya jina, alipokufa mwaka 1945 ile R ikaondolewa, na wadanganyifu wanalijua hilo kuliko sisi, wanaichora wenyewe. Saini isomwe pamoja na kitako, michubuko, uzito na rangi, vyote vikubaliane.

Stika ni kitu kingine tunachojiangamizia wenyewe kwa usafi. Mjomba wangu alikuwa baharia, kama wanaume wengi wa mwambao enzi hizo, akarudi safari moja na samaki mzito wa kioo, bluu ndani na mwili wa nje ni kioo cheupe kitupu, ile rangi imezama katikati kama kiini cha yai ndani ya ute. Namna hii Wataliano wanaiita sommerso na ni kazi ya Murano, kisiwa kando ya Venice ambako mafundi wa kioo walihamishiwa kwa amri mwaka 1291 ili tanuri zao zisije zikaunguza mji. Mjomba alikuwa na hakika, alinunua bandarini kwa mkono wake. Shangazi, mkewe, yeye alikuwa na chombo cha maua kinachofanana kabisa na yule samaki, rangi imezama vilevile, kizito vilevile, mi nikakiandika kwenye daftari langu kwamba ni Murano. Baadaye nikaona kwenye picha alizotunza kwamba kilikuwa na stika ya duara, na binti yake anakumbuka aliibandua yeye akiwa mdogo kwa sababu ilikuwa inachafua. Nikalinganisha umbo na vyombo vingine nikagundua ni cha Chřibská, kiwanda cha Chekoslovakia, ambacho vitu vyake vingi sana leo vinauzwa kwa jina la Murano kwa kuwa stika ziling'oka na chini hakuna alama yoyote. Nikakata kwenye daftari nikaandika upya. Na niseme, kile cha Cheki ndo nakipenda zaidi, midomo yake imevutwa kama jani la mgomba lililopasuliwa na upepo. Kwa hiyo kina mama, stika hata ikiwa nusu, hata ikiwa imekuwa ya njano, msiibandue, pitisheni kitambaa pembeni yake.

Na hewa yetu ya bahari nayo siyo rafiki. Kioo cha zamani kinaugua, kinatoka ukungu mweupe ndani ambao hautoki kwa sabuni, kwa sababu unyevu unanyonya chumvi zilizomo ndani ya kioo chenyewe. Maua yakikauka mwageni maji siku hiyohiyo, osheni kwa maji ya vuguvugu, kaushieni mdomo ukiangalia juu mpaka ndani pakauke kabisa ndipo mrudishe kabatini, na milango ya kabati wakati wa masika muwe mnaifungua hewa ipite. Msiloweke chombo chenye dhahabu mdomoni. Siki ya nguvu kwenye rangi za kuchorwa hapana.

Kinachoniuma ni kwamba sisi watu wa pwani kioo tumekijua zamani kuliko hao wanaokuja kutununulia. Misafara iliyokuwa inatoka Pangani na Bagamoyo kwenda bara ilibeba shanga za kioo kutoka Venice, na bibi zetu walizijua kwa majina, walijua samesame ni ipi na haikubali kuchanganywa na nini, aliyepeleka shanga zisizopendwa mahali alirudi nazo. Hayo ndo macho ya kuchagua kioo. Nendeni kwenye magofu ya Tongoni hapo, siyo mbali, muone nguzo za makaburi, palipobandikwa bakuli za kigeni siku hizi mnaona vishimo vimebaki. Vitu vilibanduliwa vikaondoka na hakuna karatasi iliyoandikwa. Sasa tunaanza kubandua vya majumbani.

Ombi langu kwenu mhariri ni kwamba mtangaze tu jambo moja. Kabla mtu hajauza au kugawa vyombo vya mzazi wake, apige picha mbele na chini, achukue kipande cha karatasi aandike nani alikuwa nacho, kilitoka wapi, mwaka ikiwezekana, akikunje akiweke ndani ya chombo. Kama wazee wangali hai waulizwe leo, siyo siku ya arobaini. Ningependa pia kuona ile makumbusho yetu ya Urithi Tanga pale boma la zamani ikitenga kabati moja la vioo vya majumbani, mimi glasi tatu za Jain kati ya zile sita niko tayari kuzitoa, bure, na karatasi yake.

Kitako cha kile chombo cha fedha nilikiomba wale vijana wakanipa, wako wapole sasa, mmoja alikuja nyumbani akaniomba nimfundishe kuangalia vitovu. Kizibo bado kipo. Vyombo vile mara nyingi vilitoka viwili viwili, na dada wa marehemu ambaye anakaa Pangani aliponisikia nikilalamika akasema pacha wake anacho yeye, amemfunga kwenye gunia juu ya dari kwa kuogopa wezi wa zebaki. Jumamosi nakwenda, nimeshanunua taulo na nimechukua lile daftari.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga